Safu Zilizofichika: Historia ya Bafu Lisilovuja, kutoka Kilwa hadi Cibitoke

Katika nyumba ya mjini, bafu ndicho chumba kinachoweza kuiharibu nyumba nzima kikijengwa ovyo, kwa kuwa ndimo maji yanamomwagwa kwa makusudi kila siku, tena karibu na kuta na milango ambayo haikuundwa kuvumilia unyevu. Katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, chumba hicho kimekuwa kikihama: kwa miongo mingi kilisimama uani, mbali na vyumba vya kulala, lakini siku hizi, nyumba ya zamani ikikarabatiwa, mara nyingi mwenye nyumba hutaka bafu liingie ndani, liwe na bomba la mvua, na kuta zake zivikwe vigae, ambavyo wenyeji huviita makaro. Mabadiliko hayo yanaonekana kuwa ya juzi tu, lakini ufundi unaohitajika ili yafanikiwe, yaani ufundi wa kuyazuia maji yasipenye ukutani na sakafuni, una umri wa karne nyingi katika ulimwengu wa Waswahili, na katika karne zote hizo umetegemea mambo mawili ambayo jicho la mgeni halioni: safu zilizofunikwa na uso wa ukuta, na mwinamo wa sakafu unaoyaondoa maji kabla hayajatuama.

Ushahidi mzuri wa awali uko Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililojengwa kwenye ukingo wa jabali linalotazama bahari, nje kidogo ya mji wenyewe, huhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala pale msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Miongoni mwa nyua na vyumba vyake mna hodhi la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, ambalo mwanaakiolojia Neville Chittick alilieleza kwa kina baada ya kuyachimbua magofu hayo katika miaka ya 1960. Kujenga hodhi la namna hiyo juu ya jabali, mahali ambapo maji yalipaswa kubebwa hadi juu, kulikuwa ni tendo la fahari; lakini fahari hiyo isingekuwa na maana kama hodhi lingevuja, na kwa hiyo mafundi wa Kilwa hawana budi kuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hii.

Si wafalme peke yao waliojishughulisha na maji. Ibn Battuta, akisimulia safari hiyohiyo, anaeleza kwamba penye milango ya misikiti ya Mombasa palikuwa na visima pamoja na kata za mti za kutekea, kwamba ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa, na kwamba kila aliyetaka kuingia aliosha miguu na kuipangusa kwenye mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Udhu, yaani kunawa kabla ya swala, ulimfanya kila fundi wa msikiti awe fundi wa birika, hodhi lililojengewa ukutani ili watu wachote humo. Na katika magofu ya misikiti ya pwani bado yanaonekana mawe ya mviringo yaliyotiwa sakafuni kwa ajili ya kusugulia nyayo. Huko Gedi, karibu na Malindi, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, ufundi huo uliingia majumbani: nyumba za mawe za matajiri zilikuwa na vyoo vya ndani vyenye mahali maalumu pa kunawia, vikiwa vimejengwa pamoja na nyumba tangu mwanzo.

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zilifikisha mpango huo mahali pa juu kabisa. Humo choo na bafu vilikuwa chumba kimoja kilichopakana na vyumba vya ndani, chenye birika pembeni, na aliyeoga alichota maji kwa kata akajimwagia yeye mwenyewe, wala hakuingia ndani ya birika. Chini ya birika waashi walitia bakuli la kaure la Kichina, likazama katika chokaa hadi ukingoni, ili maji yanapopungua samaki wadogo waliofugwa humo wabaki na mahali pa kuishi. Samaki hao waliwala viluwiluwi vya mbu. Bakuli hilo linastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayejenga bafu leo, kwa sababu mahali ambapo kitu kigumu kama kaure kinakutana na lipu ndipo maji hupenda kupita, na mwashi wa Lamu aliweza kuufunga mshikamano huo kwa chokaa na mkono wake tu.

Chokaa chenyewe kilipatikana kwa kazi ndefu. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo kubwa la magogo, lundo ambalo watu wa pwani huliita tanuu, kisha likawashwa moto. Joto linapofika takriban nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hupoteza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake na kubaki jiwe jepesi lenye kiu kali ya maji. Jiwe hilo lilizimwa, maana yake lilinyeshewa maji likapasuka na kuwa unga mweupe, na unga huo uliachwa ulale kwa miezi kabla ya kutumiwa, kwa kuwa chokaa kichanga kikipigwa ukutani hufura na kutoa malengelenge. Baada ya kupigwa, lipu hiyo hukauka polepole kwa kuivuta tena kutoka hewani ile kaboni iliyopotea motoni, hata mwishowe ukuta huwa umerudi kuwa jiwe la namna ileile iliyochimbwa.

Hata hivyo chokaa kitupu kina udhaifu mkubwa: hakigandi kikiwa ndani ya maji, na kikikaa na maji muda mrefu kabla hakijakomaa hulainika. Ustaarabu mwingi wa kale ulipambana na udhaifu huo kwa njia moja, nayo ni kuchanganya chokaa na udongo uliochomwa. Warumi walisaga vigae vya vyungu. Waajemi na Waomani walitengeneza saruji ya kienyeji iitwayo sarooj, inayotokana na udongo uliochomwa na kusagwa, ambayo Oman iliitumia katika mifereji ya falaji, katika mabirika na katika ngome. Visiwani Zanzibar waashi walichanganya chokaa na udongo mwekundu, kisha juu wakapiga tabaka jembamba la chokaa safi lililosuguliwa hadi likang'aa. Sakafu na mapaa ya ghorofa yalishindiliwa kwa vipande vya mti na kundi la watu waliofuatana kwa mdundo wa nyimbo, siku baada ya siku, kwa sababu kila pigo lilifunga tundu ambalo maji yangelipitia. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na katika karne ya 19 sehemu kubwa yake iliwaangukia watumwa, jambo lisilopaswa kusahauliwa pale uzuri wa majumba hayo unaposifiwa.

Karne hiyohiyo iliiletea Zanzibar mabafu ya kifahari. Binti Sultani Salma binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 safu ya mabafu yaliyokuwa katika jumba la Mtoni. Mnamo mwaka 1850 baba yake, Sultani Seyyid Said, alijenga mabafu ya Kidichi, yenye nakshi za chokaa za Kiajemi, kwa ajili ya mkewe Shehrazade, aliyekuwa wa ukoo wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Mwana wa Seyyid Said, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya umma katika Mji Mkongwe, akaikabidhi kazi hiyo kwa Haji Gulamhussein, na jengo hilo, ambalo mtaa wake bado unaitwa Hamamni, liliendelea kupokea waogaji hadi mwaka 1920. Barghash ndiye pia aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje, na kwa upande wa maisha ya watu wa kawaida hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko hamamu yenyewe, kwa kuwa maji yakishafika karibu na nyumba, watu humwaga mengi zaidi, na nyumba hudai kinga zaidi.

Misafara ya biashara iliyotoka pwani ilibeba hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, lugha, dini, mavazi na desturi za usafi, lakini haikuweza kubeba matumbawe. Katika miji ya bara nyumba zilijengwa kwa udongo na miti, na mji wa Usumbura, ambao ndio Bujumbura ya leo, uliokua kuzunguka kituo cha kijeshi kilichowekwa na Wajerumani mwaka 1897, haukuwa tofauti. Waswahili, Wamanyema na wafanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika waliokaa hapo, na ambao chini ya utawala wa Wabelgiji walipata makao yao makuu katika mtaa wa Buyenzi, walikuwa na haja ileile ya maji ya udhu na ya kuoga waliyokuwa nayo ndugu zao wa Lamu, wakiwa na ukuta usioweza kuvumilia hata uvujaji mdogo wa maji. Jibu lao lilikuwa la busara: bafu lilitengwa na nyumba. Uani palijengwa kuta nne fupi, mara nyingi bila paa, sakafu ikatandikwa mawe na baadaye saruji, na chini ya ukuta mmoja likaachwa tundu la kuyatoa maji kwenda kwenye shimo lililojazwa mawe. Jua na upepo vilikausha kilichobaki. Wapo wanaoliona bafu la uani kuwa alama ya umaskini tu, na maoni hayo yanakosea, kwa kuwa kwa nyumba ya udongo hapakuwa na mpango bora kuliko huo.

Sababu yake inaonekana wazi katika tofali la rukarakara, ambalo ndilo tofali la watu wa kipato cha chini nchini Burundi na hata Rwanda. Udongo hukandwa kwa maji, wakati mwingine ukitiwa majani, hutiwa katika kalibu ya mbao, kisha huanikwa juani bila kuchomwa. Likiwa kavu, tofali hilo hubeba paa la mabati bila shida na huweka chumba katika ubaridi wa kupendeza. Likilowa, hunyonya maji kutoka chini kwenda juu, hulainika na kumumunyuka, na dalili ya kwanza ni mstari mweusi wa unyevu juu kidogo ya sakafu, ambako lipu huanza kuvimba na kutoa sauti ya utupu ikigongwa kwa kidole. Lipu ya saruji ikipigwa moja kwa moja juu ya tofali hilo haishikamani nalo, kwa sababu saruji ni ngumu na haichezi, ilhali udongo hutanuka na kusinyaa kila majira yanapobadilika.

Saruji ya kiwandani, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824, ilikuwa na sifa ambayo chokaa kilikosa, yaani kuganda hata chini ya maji. Ili ifike Usumbura ilihitaji njia. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, kando ya ziwa, mwaka 1914, Wabelgiji waliichukua Burundi mwaka 1916, na kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari katika Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi ipite reli na ziwa. Baada ya mwaka 1952 shirika la serikali ya kikoloni lililoitwa Office des Cités Africaines, kwa kifupi OCAF, lilijenga mitaa ya nyumba za kudumu kwa ajili ya Waafrika, na sehemu ya mtaa wa Ngagara bado inakumbukwa kwa jina la shirika hilo. Cibitoke ilikua jirani na nyumba hizo. Mtaa huo, ambao usichanganywe na mji na uliokuwa mkoa wa Cibitoke katika bonde la Rusizi, ulikuwa komuni ya jiji hadi ulipotiwa ndani ya komuni kubwa ya Ntahangwa mwaka 2014. Kati yake na Ngagara mtu aliweza kulinganisha kwa macho nyumba iliyopangwa na serikali na nyumba ambayo mwenyewe aliiongeza chumba baada ya chumba kadiri kipato kilivyoruhusu.

Vita vilivyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 viliiumiza Cibitoke vibaya, kwa kuwa katika miaka ya 1994 na 1995 majirani walitenganishwa kwa mauaji na kukimbizana, na nyumba nyingi zilibomolewa au kuachwa wazi kwa mvua. Ukuta wa rukarakara ulioezuliwa mabati haukai misimu mingi. Ujenzi mpya uliofuata ulifanyika katika nchi ambayo polepole ilipata saruji ya karibu zaidi, kwanza kutoka kiwanda cha CIMERWA cha Bugarama, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, kilichoanza kazi mwaka 1984, kisha kutoka kiwanda cha Burundi yenyewe, BUCECO, kilichojengwa katika ule mkoa wa Cibitoke wa bondeni. Vigae vya viwandani navyo vikajaa madukani, na bafu likaanza safari yake ya kuingia ndani.

Hapo ndipo kosa la zama hizi lilipozaliwa, kwa kuwa kigae humfanya mtu aamini kwamba kazi imekwisha. Kigae kilichotiwa rangi ya kioo usoni hakipitishi maji, ni kweli, lakini ukuta wa vigae una maungio marefu yaliyojazwa saruji nyembamba, na saruji hiyo hunyonya maji kila mtu anapooga. Maji yakishapita hapo hubaki nyuma ya kigae, mahali ambapo jua halifiki na kitambaa hakipangusi. Wajenzi wa Mohenjo-daro, katika bonde la Mto Indus, walilijua jambo hilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: hodhi lao kubwa lilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyobanwa sana, na bado nyuma ya matofali hayo wakapaka tabaka la lami ya asili. Lile tabaka la lami ndilo babu wa kile ambacho mafundi wa leo hukipaka kwa brashi kabla ya kubandika vigae, yaani utando wa kuzuia maji unaotengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na mpira wa majimaji.

Bafu la Cibitoke linalojengwa kwa kufuata elimu hiyo huanza kwa uamuzi mgumu wa kuuvunja ukuta wa rukarakara upande wa bomba na kuujenga upya kwa tofali la kuchoma juu ya msingi wa mawe. Pale ambapo mwenye nyumba hawezi, wavu wa chuma hupigiliwa ukutani ili lipu ipate kushika, ingawa hiyo ni nusu ya dawa. Sakafu hutiwa zege lenye mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kitundu cha kutolea maji, na mwinamo huo hutengenezwa katika zege lenyewe, kamwe si kwa kuongeza gundi chini ya kigae, kwa kuwa maji yaliyopenya maungio nayo yanahitaji njia ya kushuka. Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu hazichongwi kali; huviringishwa kwa mwiko, kisha hubandikwa utepe wa kitambaa, maana nyumba ikicheza kidogo ufa wa kwanza hutokea papo hapo. Utando hupakwa mara mbili, mpako wa pili ukikatiza ule wa kwanza, na hupandishwa ukutani hadi juu ya kichwa cha mwogaji. Baada ya kukauka, kitundu huzibwa, sakafu hujazwa maji na kuachwa kwa saa 24, na alama ya penseli iliyowekwa kwenye usawa wa maji ndiyo hakimu. Fundi anayeharakishwa huiacha hatua hiyo, na mwenye nyumba anayetaka kuhamia haraka humsaidia kuiacha. Wote wawili hulipa baadaye.

Desturi ya kuoga nayo ina sauti katika mpango. Maji ya Bujumbura, ambayo sehemu yake kubwa shirika la maji la REGIDESO huyavuta kutoka Ziwa Tanganyika, hukatika mara kwa mara katika mitaa ya kaskazini, na hivyo hata bafu lenye bomba la mvua huwa na pipa na ndoo pembeni, na watu huoga kwa kujimwagia kwa kopo kama walivyofanya waogaji wa Lamu. Maji ya kopo huanguka kwa mkupuo na kuruka pande zote, tena chini ya magoti, kwa hiyo kizingiti kifupi cha mlangoni na utando wa kuta zote nne vina faida kubwa zaidi Cibitoke kuliko katika nchi ambazo vitabu vya ufundi vilitoka. Kwa sababu hiyohiyo vigae vidogo vinafaa sakafuni kuliko vikubwa vinavyopendwa madukani, kwa kuwa vidogo hufuata mwinamo wa pande nne, ilhali kikubwa huacha kona inayoning'inia ambamo maji hulala.

Onyo kali kuliko yote limetoka Zanzibar kwenyewe. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mabafu mapya yaliyowekwa katika ghorofa za juu bila kinga ya kutosha yameozesha boriti za mikoko zinazobeba sakafu, na lipu ya saruji iliyopigwa juu ya kuta za kale imefungia unyevu ndani badala ya kuuacha upumue kama chokaa kilivyofanya. Wataalamu wa ukarabati huko wamelazimika kurudi kwenye chokaa kilicholazwa. Cibitoke haina boriti za mikoko wala matumbawe, lakini rukarakara iliyofungiwa kati ya vigae upande mmoja na lipu ya saruji upande wa pili iko katika hali ileile, na ukuta wa namna hiyo unahitaji kuachwa wazi upande wake mmoja, upakwe udongo au chokaa, ili unyevu upate pa kutokea.

Linabaki suala la maji baada ya kuondoka bafuni. Mtandao wa maji machafu unaoishia katika mabwawa ya kusafishia ya Buterere haufikii kila nyumba ya jiji, na kwa nyumba isiyounganishwa maji ya kuoga huishia katika shimo lililochimbwa ndani ya kiwanja, mara nyingi hatua chache kutoka kwenye msingi uleule ambao utando uliopakwa ndani ulikusudiwa kuukinga. Bafu la uani lilikuwa na tundu moja, na kila mtu aliona maji yanakwenda wapi. Bafu la ndani huyapeleka kwa bomba chini ya sakafu, kwa hiyo kipimo cha mwinamo kinaendelea hadi shimoni, na shimo lenyewe hupaswa kuwa upande wa bondeni wa nyumba, mbali na msingi, kabla hata kigae cha kwanza hakijanunuliwa.